Kichocheo cha ubongo kama kifaa cha kuongeza ari: uhakiki

Bidhaa ninayoihakiki hapa haipangwi rafuni, haiagizwi mtandaoni, na sidhani yupo daktari mwadilifu atakayekubali kukuwekea kwa sababu tu umechoshwa na tabia yako ya kuahirisha kazi. Hata hivyo inazungumzwa kana kwamba imekwisha kufika sokoni. Mjadala wa vipandikizi vya ubongo vya kuongeza ari huendeshwa na pande mbili ambazo kwa kawaida hazijajishughulisha kukitazama kifaa chenyewe: wanaokishabikia humwona binadamu mpya asiyejua uvivu, na wanaokipinga humwona mtumwa anayeifurahia minyororo yake. Mimi nimeona heri nikichukulie kama ambavyo ningeichukulia simu au jokofu, yaani niulize kimeundwaje, kinafanya nini hasa, kinadumu kwa muda gani, na kikiharibika ni nani anayewajibika. Sijawekewa kifaa hiki wala sina mpango huo; ninachokitegemea ni ripoti za kitabibu na za kimaabara zilizochapishwa kwa miaka 70 sasa, na katika baadhi ya ripoti hizo kuna mambo ambayo mtu akiyasoma hayamtoki akilini.

Hakuna kampuni inayouza kipandikizi cha ari kwa jina hilo. Kilicho karibu nacho zaidi ni kichocheo cha ubongo wa ndani, kinachotengenezwa na Medtronic, Boston Scientific na Abbott. Asili yake ya kisasa ni Grenoble, Ufaransa, ambako mwaka 1987 Alim-Louis Benabid na wenzake walionyesha kwamba mapigo ya umeme ya kasi yakipelekwa kwenye talamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, hutuliza mtetemeko wa viungo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikiidhinisha kwa mtetemeko mwaka 1997 na kwa ugonjwa wa Parkinson mwaka 2002, kisha mwaka 2009 ikatoa kibali chenye masharti kwa ajili ya wagonjwa wachache walioelemewa na mawazo na vitendo vya kujirudiarudia visivyodhibitika. Zaidi ya watu 160,000 duniani wamekwisha kuwekewa. Ari haitajwi katika kibali chochote kati ya hivyo. Imeingia kwa mlango wa nyuma, kupitia wagonjwa waliokuwa wakitibiwa jambo jingine.

Kwa umbo, kifaa kina sehemu tatu. Ya kwanza ni waya mwembamba wenye kipenyo cha milimita 1.27, ambao nchani una pete nne za metali, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 1.5, na umeme hutokea kwenye pete hizo. Daktari hutoboa fuvu tundu la milimita 14 hivi, na kwa kuongozwa na picha za ubongo huushusha waya hadi mahali palipokusudiwa, ambapo kosa la milimita mbili linatosha kuharibu kazi yote. Mara nyingi mgonjwa huwa macho wakati waya unapojaribiwa, akiulizwa anajisikiaje na kuombwa kuinua mkono au kuhesabu. Sehemu ya pili ni waya wa kuunganishia, unaopitishwa chini ya ngozi nyuma ya sikio na kuteremka shingoni. Ya tatu ni kisanduku cha betri, kinachozikwa chini ya mtulinga na ambacho kwa mtu mwembamba huonekana kikituna kifuani. Kisanduku hutuma mapigo 130 hivi kwa sekunde, kila pigo likidumu kati ya maikrosekunde 60 na 90, na nguvu yake hupangwa na daktari kwa kompyuta ndogo ya mkononi, huku mgonjwa akipewa rimoti yenye mamlaka finyu zaidi. Betri ya kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano kabla ya kupasuliwa tena ili ibadilishwe. Zipo za kuchaji ambazo watengenezaji wanasema hufika miaka 15.

Kama kazi ya uhandisi sina budi kuisifu. Mtu aliyekuwa hawezi kushika kikombe cha chai bila kujimwagia huwashiwa kifaa na mkono ukatulia papo hapo, na kikizimwa mtetemeko hurudi. Ni bidhaa chache za kitabibu zinazoonyesha kazi yake waziwazi hivyo. Hatari za upasuaji zinajulikana na hazifichwi: kati ya wagonjwa 100, mmoja au wawili huvuja damu ndani ya fuvu kiasi cha kudhurika, na wengine wachache hupata maambukizi yanayoweza kulazimisha kifaa kitolewe. Kwa anayetetemeka kutwa kucha, hatari hiyo inabebeka. Kwa anayetaka tu kuamka mapema akafanye mazoezi, ningemwomba aanze kwa kununua saa ya kengele.

Sasa kuhusu utendaji. Ushahidi unaowapa mashabiki wa kipandikizi cha ari jeuri ya kusema unatoka Ujerumani. Mwaka 2008 Thomas Schlaepfer na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa watatu wa sonona ambayo ilikuwa haisikii dawa wala tiba ya mshtuko wa umeme. Waliwekewa elektrodi, yaani waya wa kupitishia umeme, kwenye nukliasi akumbensi, kifundo kidogo cha seli kilicho ndani ya sehemu ya mbele ya ubongo na ambacho ni kituo kikuu cha njia ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Umeme ulipowashwa, mgonjwa wa kwanza hakusema kwamba huzuni imepungua. Alichosema, katika dakika ile ya kwanza na bila kuulizwa, ni kwamba ametambua yuko Cologne, kwamba hajawahi kulitembelea kanisa kuu la mji huo, na kwamba angependa kwenda. Kesho yake akaenda. Mwingine alisema angetamani kurudia mchezo wa kuvingirisha tufe ambao alikuwa ameuacha zamani. Hebu tuitazame taarifa hii kwa makini. Hawa ni watu ambao kwa miaka walikuwa hawataki lolote, na kitu cha kwanza kilichowarudia hakikuwa furaha, bali nia ya kufanya jambo mahususi, dogo, lililo karibu. Kama kuna mahali ambapo kifaa hiki kimestahili kuitwa kichocheo cha ari, ni hapo.

Ushahidi wa pili ni wa Josef Parvizi wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2013. Wagonjwa wawili wa kifafa, waliokuwa na elektrodi za muda za kutafuta chanzo cha degedege zao, walipitishiwa umeme kidogo katika sehemu ya kati ya gamba la singuleti, ukanda ulio upande wa ndani wa ubongo. Wote wawili walieleza hisia ileile: kwamba kuna shida fulani mbele yao inawakaribia, na kwamba wamejawa na azma ya kuikabili hadi waivuke. Moyo ulienda mbio, kifua kikajaa. Walipoambiwa kwamba umeme umewashwa ilhali umezimwa, hawakuhisi chochote. Jambo linalopuuzwa na wanaoitaja taarifa hii ni sehemu ya kwanza ya maelezo hayo. Azma haikuja peke yake. Ilikuja pamoja na wasiwasi wa msukosuko ambao haukuwapo. Mtu aliyekuwa amelala kitandani hospitalini, bila tatizo lolote jipya, alijikuta akijiandaa kupambana na kitu asichokijua.

Majaribio makubwa zaidi yalipofanywa, ushindi uliyeyuka. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2015 liliwagawa wagonjwa 30 wa sonona sugu makundi mawili, moja likiwashiwa kifaa na jingine likiwa nacho kichwani kikiwa kimezimwa bila wao kujua. Baada ya wiki 16, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa watatu kati ya 15 katika kundi la kwanza na wawili kati ya 14 waliohesabiwa katika kundi la pili. Jaribio jingine la wagonjwa 90, lililofadhiliwa na kampuni ya St. Jude Medical ambayo baadaye ilinunuliwa na Abbott, lilisitishwa kabla ya kukamilika kwa sababu baada ya miezi sita tofauti ilikuwa asilimia 20 kwa 17. Mtu angeweza kuifunga hoja hapo, lakini wagonjwa walewale walipoendelea kufuatiliwa, kwa miaka miwili karibu nusu yao walikuwa wamepata nafuu. Na watafiti wa Uholanzi, waliotumia hadi mwaka mzima kurekebisha kifaa cha kila mgonjwa kabla ya kukizima kwa siri, waliona tofauti ya kweli kati ya kuwashwa na kuzimwa. Kwa hiyo kifaa kinafanya kazi kwa baadhi ya watu, polepole, baada ya marekebisho mengi, na hakuna anayeweza kumwahidi mteja yeyote kwamba atakuwa miongoni mwa hao. Ahadi ya kubonyeza kitufe na kuamka ukiwa mchapakazi haipo katika data hizi.

Na lipo jambo ambalo mashabiki hulisahau kabisa: kifaa hikihiki huweza kupunguza ari. Wagonjwa wa Parkinson wanaowekewa elektrodi katika nukliasi ya subtalamasi, kifundo kidogo kilicho chini ya talamasi, hupunguziwa dawa za dopamini kwa sababu hawazihitaji tena kwa ajili ya mwendo, na baadhi yao, wakiwa sasa wanatembea vizuri, hupoteza hamu ya kwenda popote.

Ni ari ya namna gani basi inayotoka kwenye waya huu? Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, kwa kuwa wengi katika mjadala huu wanadhani kutaka na kufurahia ni kitu kimoja. James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipoonyesha mwaka 1954 kwamba panya mwenye elektrodi ubongoni hubonyeza kitufe cha kujipa umeme mara mamia na mamia kwa saa, watu walisema kimepatikana kitovu cha raha. Miongo kadhaa baadaye Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwaondolea panya karibu dopamini yote, akaona kwamba hawakuitafuta tena sukari hata kidogo, lakini wakitiwa sukari mdomoni walilamba midomo kwa ladha vilevile kama zamani. Njia ya dopamini, ambayo ndiyo kifaa hiki huichokonoa, inashughulika na kutaka. Kufurahia kuna mahali pake pengine.

Robert Heath wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, ambaye majaribio yake ya miaka ya 1950 hadi 1970 yanasomwa leo kwa aibu kuliko kwa fahari, aliliona jambo hili kwa binadamu bila kulipa uzito wake. Mwaka 1963 alieleza habari za mgonjwa wa kifafa aliyepewa kifaa chenye vitufe, kila kitufe kikiwa kimeunganishwa na sehemu tofauti ya ubongo. Kitufe kimoja kilimpa raha aliyoieleza kuwa inakaribia ya kimapenzi. Lakini kitufe alichokibonyeza mara nyingi zaidi hakikuwa hicho. Kilikuwa kile kilichomfanya ahisi kwamba kuna kumbukumbu inakaribia kumjia, ikawa kila akibonyeza haiji, na yeye akaendelea kubonyeza huku akizidi kukereka. Huyu alikuwa na hamasa kubwa kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na hamasa hiyo haikumfikisha popote.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1986, wa mwanamke aliyewekewa elektrodi katika talamasi ili kutuliza maumivu sugu. Aligundua kwamba akipandisha nguvu ya umeme hupata msisimko, akaanza kujipa umeme siku nzima, akaacha kuoga na kuihudumia familia yake, akafikia hatua ya kukichezea kifaa ili kipitishe kiasi kilichozuiwa. Madaktari waliomwona waliandika kwamba alikuwa na kidonda kisichopona kwenye ncha ya kidole alichotumia kuzungushia kirekebishi. Hakuna mtu angeweza kumshutumu mwanamke huyo kwa kukosa bidii.

Na kwa kuwa umeme hauleti lengo lake, mwenye kushika kitufe ndiye huleta lengo. Mwaka 2002 Sanjiv Talwar na John Chapin wa New York waliripoti katika jarida la Nature kuhusu panya waliokuwa wakiendeshwa kwa kompyuta kutoka umbali wa hadi mita 500: umeme katika eneo la hisia za sharubu uliwaelekeza kulia au kushoto, na umeme katika njia ya dopamini ukawazawadia kwa kutii. Panya hao walipanda ngazi na kukatiza maeneo ya wazi yenye mwanga mkali, mahali ambapo panya kwa hiari yake hupakwepa. Kwa kipimo chochote cha nje walikuwa na ari. Heath naye alikuwa amejaribu, kwa umeme wa aina hiyohiyo, kumbadilisha kijana wa miaka 24 aliyevutiwa na wanaume wenzake ili awatamani wanawake. Kijana huyo aliwahi kubonyeza kitufe mara 1,500 katika kikao cha saa tatu, na alilalamika kilipochukuliwa. Lengo lilikuwa la daktari, hamu ikawa ya mgonjwa.

Ugumu wa kuihakiki bidhaa hii unaanzia hapo. Kwa bidhaa nyingine yoyote, mhakiki akishatoa maoni yake huwauliza waliokwisha kuitumia kama wameridhika. Hapa swali hilo limepoteza nguvu, kwa sababu kuridhika ndicho kitu chenyewe ambacho kifaa hukibadilisha. Mjerumani mmoja wa miaka 33 aliyekuwa na ugonjwa wa wasiwasi na wa vitendo vya kujirudiarudia, ambaye habari zake zilichapishwa na Matthis Synofzik na wenzake mwaka 2012, alipandishiwa volti hatua kwa hatua. Volti zilipofika tano alisema furaha imezidi, hata yeye mwenyewe aliona si ya kawaida, na kwa kukubaliana na madaktari kifaa kikawekwa kwenye volti tatu. Kesho yake, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, aliomba aongezewe kidogo. Daktari alikataa, naye akakubali. Ninampongeza daktari huyo, lakini siwezi kusema kwa hakika kwamba mgonjwa ndiye aliyekosea. Kiwango sahihi cha kujisikia vizuri hakikuandikwa katika kitabu cha maelekezo ya kifaa.

Waholanzi walikutana na kesi ngumu zaidi, iliyochapishwa mwaka 2004. Mgonjwa wa Parkinson alipowashiwa kifaa aliweza kutembea, lakini aliingia katika wazimu wa msisimko uliomfanya atapanye fedha na kujitia madeni. Kikizimwa, akili ilitulia na mwili ukabaki kitandani, hana awezalo. Madaktari walimzimia kwanza ili aamue akiwa na akili timamu. Akachagua kiwashwe, na kwamba alazwe katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Naona utaratibu huo wa kuzima kwanza, kuuliza, kisha kuheshimu jibu, ndio kipimo pekee cha haki ambacho nimekiona katika fasihi yote ya kifaa hiki. Uholanzi huohuo ulitupatia pia, mwaka 2014, habari za mzee aliyekuwa hajali sana muziki, ambaye baada ya kuwekewa elektrodi aligeuka mpenzi wa kupindukia wa mwimbaji Johnny Cash, akawa hasikilizi mwingine. Betri ikiisha, Cash naye aliisha. Wengi hucheka wakiisoma. Mimi nilicheka pia, kisha nikajiuliza ingekuwaje kama kilichopandishwa pamoja na umeme kingekuwa chama cha siasa.

Wanaotetea matumizi kwa watu wazima wa afya wana hoja moja ambayo haipaswi kupuuzwa. Wanasema tayari tunajichochea: dereva wa usiku anatafuna miraa, mwanafunzi anakunywa kahawa hadi mikono inatetemeka, na katika vyuo vya Marekani na Ulaya wapo wanaomeza methylphenidate, dawa ya kuongeza umakini, bila kuandikiwa na daktari. Kwa nini waya uwe haramu ikiwa kidonge kinavumiliwa? Jibu langu ni kwamba kikombe cha kahawa kinashikwa na mnywaji mwenyewe na nguvu yake huisha baada ya saa chache, wakati programu ya kifaa hiki inashikwa na mtu mwingine, tena mtu mwenye ajira, bajeti na maslahi. Shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, lilitenga hadi dola milioni 70 kwa mradi wa vipandikizi vya ubongo uliotangazwa mwaka 2013, na shabaha iliyotajwa ilikuwa njema, yaani kuwatibu askari wenye sonona na majeraha ya nafsi. Sina sababu ya kuitilia shaka shabaha hiyo. Lakini mwajiri akishalipia kifaa kinachoweza kumfanya mtumishi aione kazi ngumu kuwa yenye mvuto, sijui mtumishi huyo ataanzia wapi kudai mapumziko. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo katika katiba yake mwaka 2021, na sidhani walikuwa na haraka isiyo na sababu.

Muundo mmoja umenipa matumaini. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza kuhusu mgonjwa mmoja wa sonona aliyewekewa kifaa cha NeuroPace, ambacho kwanza kiliundwa kwa ajili ya kifafa. Kifaa hicho husikiliza dalili ya sonona katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia, na kikiigundua hutoa umeme kwa sekunde sita tu, kwa jumla isiyozidi dakika 30 kwa siku. Kikomo hicho kimo ndani ya mashine. Hakuna wa kukisihi. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha kuuzia bidhaa, ila mwelekeo ni sahihi.

Huduma baada ya mauzo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na ndiyo isiyozungumzwa. Kampuni ya Second Sight iliwawekea watu zaidi ya 350 kipandikizi cha macho kiitwacho Argus II, kisha ikaacha kukitengeneza na mwaka 2020 ikakaribia kufilisika, huku wateja wakibaki na mitambo isiyo na vipuri ndani ya macho yao. Huko Melbourne, kampuni ya NeuroVista iliwawekea wagonjwa 15 wa kifafa kifaa cha kutabiri degedege. Fedha zilipokwisha, vifaa vikatolewa. Mwanamke mmoja miongoni mwao, ambaye kifaa kilikuwa kimempa uhuru wa kutoka nyumbani bila hofu, alikuwa tayari kuweka nyumba yake rehani ili akinunue. Haikuwezekana, na kikatolewa kinyume cha matakwa yake. Sasa chukua kifaa ambacho kimeishika hamu yako yenyewe ya kuishi. Wagonjwa wa sonona ambao betri zao zimewaishia wamewahi kurudi walikotoka, na bei ya upasuaji mzima nchini Marekani ni makumi ya maelfu ya dola.

Kwa msomaji aliye Dodoma, Mombasa au Bujumbura, hesabu hii inazidi kuwa nzito. Wagonjwa wetu wengi wenye maradhi yanayohitaji upasuaji wa hali ya juu hupelekwa India, na safari moja huwagharimu ndugu michango ya miezi. Kifaa hiki hakimalizwi kwa safari moja. Kinahitaji vikao vya kurekebisha volti katika miezi ya mwanzo, betri mpya baada ya miaka michache ikiwa si ya kuchaji, na mtaalamu wa karibu atakayejua la kufanya siku mgonjwa atakapoamka akiwa amechangamka kupita kiasi na tayari ameuza shamba. Kabla ya kukubali, familia inapaswa kuuliza kwa maandishi ni nani atakayelipia kisanduku cha pili na cha tatu, ni nani mwenye nywila ya programu, ni kiwango gani cha umeme ambacho mgonjwa mwenyewe haruhusiwi kukivuka, na kama atazimiwa kifaa kwanza kila mara atakapotakiwa kufanya uamuzi mkubwa juu yake.

Hukumu yangu, basi, ni mbili tofauti. Kwa mgonjwa wa sonona iliyokwisha kushinda dawa na tiba nyingine zote, anayefuatiliwa na timu yenye wataalamu wa upasuaji na wa afya ya akili chini ya mkataba wa namna hiyo, hiki ni kifaa kinachostahili kujaribiwa, na safari ya yule mgonjwa wa Cologne kwenda kanisani inatosha kunishawishi kwamba si ndoto. Kwa mtu mzima wa afya anayetaka kuongeza bidii, sikipendekezi kwa bei yoyote, hata bure, kwa kuwa sijaona jaribio lililoonyesha kwamba kinampa mtu wa aina hiyo kitu chochote zaidi ya kutaka zaidi. Abbott ilianza mwaka 2024 jaribio jipya la kifaa chake kwa sonona sugu, linaloitwa TRANSCEND. Matokeo yatakapotoka, wengi watatazama asilimia ya waliopona. Mimi nitaanza na maelezo ya kundi lililozimiwa kwa siri, kisha nitautafuta ukurasa unaoeleza ni nani atakayeendelea kuwabadilishia washiriki betri baada ya utafiti kufungwa.